Jiwe la Rusinga na Amana Iliyomo Ndani Yake



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja ambaye mumewe ni mtu wa Ziwani. Watoto wao walikwenda likizo kwa babu yao kisiwani Rusinga, ng'ambo ya Mbita, na kijana wao wa miaka 11 akarudi Mombasa na jiwe ndani ya soksi. Jiwe ni la kijivu, ukubwa wake kama kiganja, na ubavuni limetokeza kitu cheupe chenye pingili, mfano wa mkia wa kambakoche. Mama auliza mambo manne. Je, huyu ni kambakoche kweli aliyegeuka jiwe? Je, kijana aweza kulisafisha ili kilichomo kionekane vizuri? Je, ni mali yake kwa kuwa ameliokota mwenyewe? Na amjibu nini mtoto anapouliza jiwe hili lina umri gani?

Tumeyapenda maswali haya, kwa kuwa kila moja lina elimu yake. La kwanza ni la utambuzi, la pili ni la mikono, la tatu ni la amana, na la nne ni la malezi. Tutayachukua moja baada ya moja.

Kambakoche hakai ziwani

Kitu kilichokuwa hai zamani kikafukiwa na kugeuka jiwe, wataalamu hukiita kisukuku. Visukuku vya kambakoche na jamaa zake vipo duniani, na baadhi vinapendeza ajabu. Katika milima ya Lebanon, kwenye vijiji vya Haqil na Hjoula, mawe hupasuliwa kama kurasa, na ndani yake hupatikana samaki, kamba na kambakoche waliofukiwa katika tope la bahari yapata miaka milioni 95 iliyopita. Uingereza nako, kwenye kisiwa cha Sheppey karibu na mdomo wa mto Thames, watu hutembea ufukweni maji yakitoka wakiokota mawe ya mviringo. Ndani ya baadhi yake hulala kaa au kambakoche mzima.

Hata hivyo si kawaida kumpata mzima. Sisi watu wa pwani twajua kwamba kamba hakui ila kwa kujivua gamba. Gamba la zamani hufunguka baina ya mgongo na mkia, naye hutoka laini kama yai lisilo ganda, akajificha mpaka lile jipya ligande. Kambakoche mmoja huacha magamba mengi katika umri wake, lakini mwili wake ni mmoja tu. Kwa hiyo vingi katika visukuku vya jamii hii si maiti bali ni nguo zilizovuliwa. Mtaalamu hutazama kwanza kama mgongo na mkia vimeungana au vimeachana, ndipo aamue. Kisha hutazama mifereji iliyochorwa juu ya gamba la mgongo, kwani kila ukoo una mchoro wake. Kambakoche wetu wa Lamu na Kizingitini hana magando makubwa, bali ana papasi ndefu na miba, ilhali binamu zake wa bahari za baridi wana magando mazito. Tofauti hizo husomeka jiweni pia.

Sasa turudi Rusinga. Huyo ni mnyama wa maji ya chumvi, na mawe ya Rusinga hayakutoka baharini. Wala hayakutoka ziwani, jambo ambalo huenda likawashangaza wengi. Ziwa la Victoria, kwa makadirio ya wanajiolojia, lina umri wa miaka 400,000 hivi, na kwa mahesabu yao ni changa mno. Mawe ya Rusinga na Mfangano yana takriban miaka milioni 18. Wakati huo palikuwa na mlima mkubwa wa moto uitwao Kisingiri, nao ulikuwa ukitapika majivu juu ya misitu na vijito. Majivu yale yalikuwa na madini ya chokaa, yakigusana na maji hugandamana upesi. Kila kilichofunikwa, jani au mfupa, tunda au mdudu, kilishikwa kabla hakijaoza.

Kwa hiyo, ewe mama, jawabu la kwanza ni kwamba kilichomo jiweni si kambakoche. Pingili zile zaweza kuwa za uti wa mgongo wa samaki au nyoka, zaweza kuwa shina la mmea, na zaweza hata kuwa mshipa wa chokaa uliojipinda tu. Hatukuliona jiwe, wala hatuhukumu kwa kusimuliwa. Zipo dalili chache ambazo mtu aweza kuzitazama bila kuharibu kitu. Mfupa uliogeuka jiwe, ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, una vitundu vidogo vidogo mfano wa mkate wa mofa. Jino lina mng'ao wa kigae. Jiwe tupu halina hiki wala kile, hata likiwa na sura ya kupendeza.

Yaliyopatikana katika majivu yale

Watu wetu wa pwani wakisikia Kisumu hufikiria samaki, omena na baridi ya asubuhi. Ni vyema wajue kwamba ufuo ule wa ziwa ni mojawapo ya maktaba kubwa za mawe duniani. Oktoba mwaka 1948 Bibi Mary Leakey alikuwa akitembea kwenye mteremko wa Rusinga, akaona jino limechungulia. Kulifukua akapata fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe, aliyekuwa akiitwa Proconsul. Mwaka 2015 wataalamu walimpa yule wa Rusinga jina jipya, Ekembo, neno walilolitoa katika lugha ya Wasuba wenyeji wa visiwa vile. Fuvu lilipelekwa Uingereza likachunguzwe, na baadaye likarudi Nairobi.

Lakini tunalotaka wasomaji walikumbuke zaidi ni vipande viwili vya kisogo cha fuvu hilo. Vilikuwa vimeokotwa mapema, mwaka 1947, vikadhaniwa ni gamba la kobe, vikawekwa katika trei ya visukuku vya kobe. Humo vilikaa zaidi ya miaka 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jicho la mtu makini lilivitambua, vikaletwa, vikashikana na fuvu kama kifuniko na chungu chake. Ndipo ukubwa wa ubongo wa mnyama yule ukapimika.

Kisa kingine cha namna hiyo kimetokea Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, mashariki ya Kisumu. Mifupa ya taya iliyochimbwa huko mwishoni mwa miaka ya 1970 ililala katika saraka za makumbusho ya Nairobi kwa miongo minne hivi. Mwaka 2019 watafiti wawili walitangaza kwamba ilikuwa ya mnyama mla nyama mkubwa kuliko simba, aliyeishi miaka milioni 22 iliyopita, naye si simba wala si jamaa yake. Jina walilompa kila msomaji wetu aweza kulisoma bila mkalimani: Simbakubwa kutokaafrika. Kiswahili chetu kimeandikwa katika daftari la elimu ya dunia nzima kwa sababu ya mfupa wa Muhoroni.

Na wako wadogo kuliko hao. Mfangano kulipatikana kundi zima la chungu waliogeuka jiwe, wakubwa kwa wadogo, pamoja na funza na mabuu wao. Wanasayansi Wilson na Taylor waliwaeleza mwaka 1964 na kuwapa jina la ukoo wa Leakey waliowakusanya. Walipowapima waliona kwamba ni jamii ya chungu tunaowaita majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mnazi na kumvamia kila apandaye. Ufundi wao wa kugawana kazi, wakubwa kwa wadogo, ulionekana ni ule ule wa leo. Mkulima wa pwani ajua kwamba mnazi wenye majimoto hausumbuliwi na kunguni wa nazi. Basi kazi hiyo ya ulinzi wa miti ina umri mrefu mno. Kitabu chetu kina sura nzima iliyopewa jina la chungu. Mwenye kuisoma sura hiyo asiwadharau hawa wa Mfangano.

Mkono usitangulie jicho

Swali la pili ni la kusafisha. Hapa tunasema kwa mkazo: mtoto asiliguse jiwe kwa msumari, wala brashi ya chuma, wala siki, wala ndimu.

Akina mama wengi hutumia siki na ndimu kung'arisha sufuria na kuondoa chokaa kwenye birika, na mtoto aliyeona hayo atadhani jiwe nalo litang'aa. Asidi hula chokaa. Ni kweli kwamba katika maabara wataalamu hutumia asidi ya jamii ya siki, iliyopunguzwa makali kwa maji mengi, kulainisha jiwe la chokaa linalozunguka mfupa, kwa kuwa mfupa wenyewe hustahimili. Lakini hufanya hivyo kidogo kidogo, wakiutoa kila mara, wakiusuuza kwa siku nyingi na kuupaka dawa ya kuushikilia. Kama kilichomo ni konokono, gamba la kaa, au mdudu aliyegeuka chokaa, asidi haitakisafisha bali itakimaliza. Asubuhi utakuta bakuli lina tope.

Gundi ya dukani nayo ni adui. Gundi ya maabara huchaguliwa kwa sifa moja, kwamba yaweza kuyeyushwa tena pakihitajika kurekebishwa. Gundi kali ya dukani ikishika imeshika.

Kazi yenyewe ya kutoa kisukuku jiweni hufanywa kwa sindano, brashi laini, na patasi ndogo inayoendeshwa kwa nguvu ya hewa, chini ya kioo cha kukuzia, punje baada ya punje. Kipande kimoja chaweza kuchukua miezi. Na kabla ya maabara kuna kazi ya uwandani. Wakusanyaji hutembea polepole baada ya mvua, jua likiwa upande, macho yakiwa ardhini. Wakikiona kitu hawakivuti. Hukipiga picha, huandika mahali na tabaka la udongo, kisha hukifukua pamoja na udongo wake, na kikiwa dhaifu hukivika bandeji ya gunia na plasta kama daktari afungavyo mguu uliovunjika. Udongo uliobaki huchekechwa, na mabaki ya chekecheke humwagwa juu ya meza ili meno madogo ya panya na mifupa ya ndege ichaguliwe kwa vidole.

Mama yeyote aliyewahi kukaa barazani na ungo akichagua mchele wa pilau ya harusi, akitoa vijiwe na chuya, ataielewa kazi hiyo mara moja. Ustadi ni ule ule, wa jicho lisilochoka na kidole kisichokurupuka. Twasema haya kwa makusudi. Wapo wazazi wanaodhani elimu ya mawe na mifupa ni ya wanaume wenye magari makubwa. Kenya imepata mabingwa wanawake katika fani hii, miongoni mwao Dakta Emma Mbua, aliyefanya kazi miaka mingi katika Makumbusho ya Taifa. Binti yako akipenda biolojia na jiografia, usimkatishe tamaa.

Jiwe ni la nani?

Hapa ndipo penye uzito wa swali. Mtoto ameokota jiwe njiani, hakuiba kwa mtu, hakuvunja mlango. Vipi lisiwe lake?

Tuanze na sheria ya nchi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 yasema kwamba vitu vya namna hii vilivyo ardhini, vikiwa havijagunduliwa bado, ni mali ya Serikali. Aliyekipata kitu ana wajibu wa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aeleze mahali na namna alivyokipata, na akikabidhi. Kuchimba au kukitoa nje ya nchi bila ruhusa ni kosa.

Kisha tutazame mafunzo yetu. Wanafunzi wa madrasa wanajua mlango wa luqata, yaani kiokotwa. Aokotaye hamiliki kwa kuokota tu. Yeye ni mwenye kushika amana, na wajibu wake ni kutangaza mpaka mwenyewe ajulikane. Katika jambo hili mwenyewe amekwisha kujulikana, nao ni umma wote, wakiwamo watoto wa Rusinga ambao babu zao wamelima na kuchunga juu ya mawe hayo.

Na liko dhara jingine ambalo halionekani kwa macho. Sote tunajua kwamba maneno mazuri yakisimuliwa bila isnadi, mwanachuoni hayapokei kuwa hadithi, hata yawe matamu namna gani. Atauliza: umeyapata kwa nani, naye kayapata kwa nani? Kisukuku nacho kina isnadi yake. Isnadi hiyo ni mahali kilipolala, tabaka lililokuwa juu yake na lililokuwa chini yake, na vitu vilivyolala jirani naye. Ukikiondoa bila kuandika hayo, umekata mnyororo. Kitabaki ni jiwe zuri la kuweka juu ya televisheni, lakini ushahidi wake umekufa. Vile vipande vya fuvu vilivyosahauliwa miaka 30 viliokoka kwa sababu vilikuwa na kumbukumbu ya mahali vilipotoka. Vingekuwa ndani ya soksi, visingemfaa mtu.

Wapo pia wanunuzi. Kisukuku kina soko ughaibuni, na kijana wa kisiwani anayevua siku nzima kwa kipato kidogo akiambiwa jiwe lina bei, atashawishika. Hatumlaumu kwa umasikini wake. Lakini nasi wageni tunaokwenda kuwatembelea jamaa zetu Mbita, Kendu Bay na Homa Bay tusiwe ndio wa kufungua mlango huo kwa kuuliza bei.

La kufanya ni jepesi. Mama aketi na mwanawe bila kumgombeza, kwa kuwa mtoto hakujua, na kumgombeza mtoto kwa kupenda kujua ni kumfunga mlango wa elimu. Waandike pamoja: siku gani, kilima gani, karibu na nyumba ya nani, jiwe lilikuwa juu ya ardhi au limezama. Walipige picha pande zote, kando yake waweke rula. Walifunge kwa pamba ndani ya kisanduku, kisha walipeleke upesi. Kwa walio Mombasa, makumbusho ya Fort Jesus yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwa walio Ziwani, liko jumba la makumbusho la Kisumu. Yumkini wataambiwa ni jiwe tu. Hata hivyo mtoto atakuwa amejifunza namna amana inavyorudishwa, na somo hilo halipotei.

Jawabu la mtoto

Limebaki la nne, nalo ndilo linalowatia wazazi wengi hofu. Mtoto akisikia miaka milioni 18, na akisikia habari za masokwe, mama huogopa imani yake isitikisike, akaona salama ni kumwambia nyamaza.

Sisi hatuoni usalama katika kunyamazisha. Mtoto anayenyamazishwa nyumbani atauliza kwingine, na huko hatajibiwa na mtu anayempenda. Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuliogopa jiwe. Ibn Sina, katika Kitab al-Shifa, alieleza namna udongo unavyogeuka jiwe na namna viumbe navyo hugeuka mawe. Al-Biruni, takriban miaka 1,000 iliyopita, aliona makombe ya bahari yakitoka katika visima vinavyochimbwa jangwani, akasema pale palikuwa bahari zamani. Walisali sala tano na wakatazama ardhi kwa makini, wala hawakuona mgongano.

Mfundishe mtoto kupambanua mambo matatu. Kwanza ni kile kinachoonekana: huu ni mfupa, uko ndani ya majivu. Pili ni kile kinachokadiriwa kwa vipimo: majivu haya yamepimwa kwa madini yake, na umri wake ni huu, kipimo chaweza kusahihishwa kesho, na hiyo ndiyo desturi ya elimu hiyo. Tatu ni kile tunachokiamini kwa kuambiwa na Mola wetu, ikiwamo habari ya kuumbwa baba yetu Adamu. Katika habari ya nasaba ya mwanadamu, sayansi ina kauli yake nasi tuna itikadi yetu, na mtoto aelezwe hivyo waziwazi. Lakini itikadi yetu haituhitaji kuukana mfupa ulio mkononi, wala kupunguza miaka ya mlima wa Kisingiri. Aliyeumba wakati hapungukiwi kitu kwa urefu wake.

Na mzazi asipojua, aseme sijui, kisha atafute pamoja na mwanawe. Neno hilo moja limewapandisha daraja wanavyuoni wengi, wala halijamshusha baba au mama yeyote machoni pa mtoto wake.

Familia zitakazosafiri kwenda Ziwani likizo ijayo tunazinasihi: tembezeni watoto, waonyesheni Rusinga na Mfangano, mwaacheni wainame na watazame mpaka watosheke. Wachukue daftari na penseli, wachore wanachokiona. Mawe wayaache yalipo.

Wabillahi tawfiq.